Ndege ya Habyarimana, sangara na kidole chenye pete: nani aliona kwa macho yake?

Ngogo wa Mwaloni (mleta mada):

Mwangaluka wakuu. Uzi mrefu huu, asiye na bando asogee pembeni, mwenye kahawa avute kiti.

Juzi nipo kijiweni Kirumba hapa Mwanza, jirani na mwaloni wa samaki, tunasubiri mvua ikatike. Mzee muuza kahawa akaanzisha ile stori ambayo kila mtu wa kanda hii mwenye mvi anayo, ya mwaka 94 watu walivyogoma kula samaki kisa maiti za Rwanda ziwani. Haikuchukua dakika tano mada ikahama kwa samaki ikaenda kwenye ndege ya Habyarimana, rais wa Rwanda enzi hizo, nani aliidungua. Mmoja akasema Wafaransa. Mwingine akasema RPF, waasi wa Kagame, na anajua kabisa maana shemeji yake alikuwa jeshini (jeshi gani hakusema). Wa tatu akasema ni wakubwa wa jeshi la Habyarimana mwenyewe. Wa nne, dogo wa bodaboda ambaye 94 hata mimba yake haijatungwa, akasema ni CIA, kisha akaendelea kutafuna karanga zake kama mtu aliyefunga mjadala.

Nikauliza kitu kimoja tu, nani kati yenu aliona? Kimya. Ndo hapo mzee wa kahawa akadakia, ndege sikuona ila sangara aliyekutwa na kidole cha mtu chenye pete tumboni, huyo alikuwepo, alipasuliwa hapa hapa mwaloni. Nikamuuliza wewe ulikuwepo anapasuliwa? Akasema hapana, ila aliyekuwepo namjua.

Basi nimelala na hilo jibu siku tatu. Aliyekuwepo namjua.

Tuanze na yasiyobishaniwa, maana humu watu wanarukia makombora hata hawajui ndege ilikuwa inatoka wapi. Ilikuwa inatoka kwetu. 6 Aprili 1994 Dar es Salaam kulikuwa na mkutano wa marais wa kanda, mwenyeji mzee Mwinyi, ajenda kubwa Burundi ambako rais Ndadaye alikuwa ameuawa na wanajeshi Oktoba 1993, na Rwanda nayo ikabanwa kuhusu makubaliano ya amani ya Arusha na RPF ya Agosti 1993 ambayo utekelezaji wake ulikuwa unasuasua. Jioni Habyarimana akaondoka na Falcon 50 yake, marubani na fundi wake Wafaransa watatu. Cyprien Ntaryamira, rais wa Burundi, akapanda humo humo. Saa 2 na dakika ishirini na kitu usiku kwa saa za Kigali, huku kwetu saa 3 na ushee, ndege inajiandaa kutua Kanombe, uwanja wa ndege wa Kigali, ikapigwa kombora, mabaki yakadondokea kwenye bustani ya nyumba ya Habyarimana mwenyewe. Walikuwa 12 ndani, hakutoka mtu. Yani mtu katunguliwa akaangukia uani kwake. Ukiwa mtunzi ukaandika hivyo watakwambia umezidisha chumvi.

Kesho yake ni tarehe 7 Aprili, siku ambayo sisi tunamkumbuka Karume, naye alipigwa risasi 1972 pale Kisiwandui, naye ana nadharia zake za kutosha uzi mwingine. Sitaki kuchanganya.

Kitu cha kwanza kinachonishangaza kwenye kumbukumbu zetu, marais walikuwa wawili tunamtaja mmoja. Nenda Buzuruga stendi uliza rais wa Burundi aliyekufa kwenye ile ndege anaitwa nani, tisa kati ya kumi watakwambia Ndadaye. Ndadaye alishakufa miezi mitano nyuma jamani! Ntaryamira amebaki kama abiria wa lifti, hata kwenye kifo chake mwenyewe.

Sasa nani alidungua. Nawawekea ninavyojua, anayetaka kurusha mawe arushe.

Jaji Bruguière wa Ufaransa, kwa sababu marubani walikuwa raia wa kwao, alichunguza na Novemba 2006 akatoa hati za kukamata watu tisa wa karibu na Kagame, akisema kombora lilirushwa kutoka kilima cha Masaka na kikosi cha RPF. Kigali ikavunja uhusiano wa kibalozi na Paris. Shahidi wake mmoja mkubwa baadae akageuka akasema aliyoyasema si kweli. Na Bruguière mwenyewe hakwenda kukanyaga eneo la tukio. Januari 2010 kamati ya Rwanda yenyewe ikatoa ripoti yake, ikasema ni wanajeshi wenye msimamo mkali wa serikali ile ile waliotaka kuizika Arusha. Utasema hao nao wana upande, sawa. Ndo wakaja majaji wengine wa Ufaransa, Trévidic na Poux, hawa walifunga safari wakaenda Kigali na wataalamu wakapima, akiwemo mtaalamu wa sauti.

Hapa kwenye sauti naomba mnielewe maana ndo patamu. Wote mmeshawahi kusimama Kamanga mnamwangalia fundi mitumbwi yuko mbali ng'ambo anapiga nyundo. Unaona mkono unashuka, mlio unakufikia baadae, si ndiyo? Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, haina haraka. Sasa kulikuwa na watu wanaishi ndani ya kambi ya Kanombe, wakiwemo madaktari wa kigeni, walisema walisikia mvumo wa kombora linaondoka kabla ya mlipuko. Kombora lingerushwa Masaka, kilomita kadhaa kutoka hapo, mvumo ungewafikia wakati ndege imeshalipuka. Kwa hiyo Januari 2012 wataalamu wakasema Masaka hapana, eneo linaloelekea zaidi ni kambi ya Kanombe au pembezoni mwake, ambako lilikuwepo jeshi la serikali. Ila hawakusema kidole cha nani kilibonyeza. Desemba 2018 majaji wakafunga jalada kwa kukosa ushahidi wa kutosha dhidi ya walioshukiwa, rufaa ikakataliwa 2020, na Februari 2022 mahakama ya juu kabisa kule ikapigilia msumari. Mahakama ya Arusha, ile ICTR ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya Rwanda iliyokaa pale AICC mpaka 2015, haikumshitaki mtu hata mmoja kwa kosa la kudungua ndege.

Kwa hiyo mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Na nafasi ikiwa wazi namna hiyo ndo kila mwenye shemeji jeshini anaingia kukaa.

Lakini, na hapa ndo nilikuwa nataka kufika, suala la nani alidungua ndege ni moja, na suala la nani aliua watu ni lingine kabisa, na kuna watu wanayachanganya makusudi. Utasikia "wao walidungua ndege, kwa hiyo yaliyofuata walijitakia". Hapana bwana. Kombora halikushika panga. Novemba 1992, mwaka na ushee kabla ya ndege, mwanasiasa anaitwa Mugesera alisimama Kabaya akahutubia kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mnajua Nyabarongo unaishia wapi? Unaingia Akagera, Akagera unapita Rusumo, unapita Kyaka, unaingia ziwani. Ziwa letu hili. Njia ilishatajwa kwenye kipaza sauti kabla ndege haijapaa. Waliuawa watu zaidi ya laki nane kwa hesabu inayotajwa sana, Rwanda wenyewe wanasema zaidi ya milioni, ndani ya siku kama mia, na Juni 2006 majaji wa rufaa wa Arusha walishasema mauaji ya kimbari ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, halihitaji kuthibitishwa upya kila kesi.

Haya, nipeni mlichoona. Narudia, MLICHOONA. Aliyesikia aandike "nilisikia".


Karanga Mbichi:

Nimesikia (naandika kama ulivyotaka mkuu) kwamba Mwinyi alimwambia Habyarimana alale Dar akakataa. Mzee wangu anaapa. Na kwamba mkutano ulivutwavutwa makusudi ili giza liingie.

Af kuna lile gazeti la chuki la Rwanda, Kangura, mwishoni mwa 93 liliandika Habyarimana atakufa mwezi Machi. Na redio yao ya chuki RTLM siku chache kabla ikasema tarehe za mwanzo wa Aprili kutakuwa na kajambo Kigali. Hiyo nayo utaniambia bahati mbaya?


Ngogo wa Mwaloni:

Karanga, hilo la Kangura na RTLM ni kweli na hata mimi linaniwasha. Ila angalia, gazeti lilisema Machi, ndege ikaanguka Aprili. Mganga akikosea mwezi bado tunampa kuku? Mi naona linaonyesha kitu kimoja, mle ndani ya kambi yake kulikuwa na watu waliokwisha kumchoka na wanasema hadharani. Kuwa walibonyeza wao ni hatua nyingine.

Hilo la Mwinyi kumlaza Dar, mzee wako alikuwa mhudumu ikulu au?


Karanga Mbichi:

Alikuwa fundi cherehani Makoroboi 😂 sawa nimekaa.


Jiwe la Bismarck:

Mleta mada umeandika vizuri ila umekwepa kubwa lao. Kisanduku cheusi kiko wapi? Umoja wa Mataifa walikificha New York, hiyo si siri, magazeti yaliandika. Ukificha kisanduku unamficha mtu.


Ngogo wa Mwaloni:

Bismarck, nusu yake ni kweli ndo maana inauzika. Machi 2004 ni kweli Umoja wa Mataifa walikuta kisanduku cheusi kwenye kabati la ofisi zao New York, kimekaa tu miaka, hata wao aibu iliwashika. Wakakipeleka kupimwa, ikaonekana si cha ile ndege. Sasa wewe chagua, njama ya dunia nzima, au makarani waliotupia kitu kabatini wakasahau. Uliyewahi kufuatilia faili lako la kiwanja ofisi yoyote hapa nchini, jibu unalo.


Jiwe la Bismarck:

Ndo wanavyotaka uamini hivyo. Na hujagusa ule mpango wa dola la Wahima na Watutsi kutawala maziwa makuu yote, Uganda, Rwanda, Burundi, mpaka Kagera yetu. Ndege ilikuwa hatua ya kwanza. Waangalie tu pua zao mitaani humu, wamejaa.


Dada wa Pasiansi:

Bismarck tuheshimiane. Hiyo "angalia pua" mimi nimekua nayo. Baba yangu Mhaya wa Karagwe, mama Msukuma wa Magu, nimezaliwa Sekou Toure, lakini shuleni nilikuwa naitwa Mnyarwanda mpaka nikawa najibu. Baba 94 alikuwa dereva wa daladala, kuna mwezi mzima abiria walikuwa wanamuuliza wewe wa upande upi, mtu anataka tu kushuka Nyakato!

Na unajua hilo dola la Wahima unaloliandika limetokea wapi? Ni stori ile ile waliyokuwa wanalishwa watu wa kule, kwamba kuna watu warefu wametoka mbali wanapanga kutawala kila mtu, tuwahi kabla hawajatuwahi. Hiyo NDO ilikuwa nadharia ya njama iliyoua. We unaileta Mwanza miaka 30 na kitu baadae kama habari mpya.


Jiwe la Bismarck:

Sijamtaja mtu.


Dada wa Pasiansi:

Umetaja pua.


Utingo Mstaafu:

Habari zenu vijana. Kijana wangu kanifungulia huu uzi nikasema niandike, samahani kwa makosa simu hizi ndogo. Mimi nilikuwa utingo wa lori, tunabeba mzigo Isaka tunapeleka Kigali kupitia Rusumo, kwa hiyo mleta mada umesema nani aliona, mimi niliona, si ndege, mto.

Mwisho wa mwezi wa nne tulikwama Ngara. Watu walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja sijawahi kuona tena katika maisha yangu, baadae wakasema ni zaidi ya laki mbili, mimi niliona vichwa na magodoro, na mapanga yamerundikwa pale mpakani maana walikuwa wanaambiwa wayaache, rundo kama kuni. Nikasimama darajani kuangalia maporomoko. Chini maji yanachemka meupe na miili inashuka, inazunguka pale chini ya maporomoko haitoki, halafu inatoka moja moja inaendelea. Wengine mikono nyuma. Dereva wangu alihesabu, mimi sikuhesabu.

Na hapo hapo Benako kambini usiku watu waliovuka na yale mapanga wanatuambia habari ya ndege. Wote walikuwa wanajua nani kadungua. Wote. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuzungumzia mto.


Ngogo wa Mwaloni:

Mzee shikamoo. Nimesoma mara tatu. Asante kwa kuandika.


Mzee wa Nyavu:

Shikamoo ya utingo naipokea na mimi maana ni rika moja haha. Niwarudishe kwa sangara, hapa ndo kazi yangu, miaka 35 majini, Ukerewe, Kome, mpaka Goziba.

Kwanza jiografia. Kagera haumwagi maji huku kwetu, unapinda unaingia Uganda, mdomo wake upo kule karibu na Kasensero. Miili mingi iliishia fukwe za Uganda, kule walizika zaidi ya elfu 10 na makaburi yapo, Kasensero, Lambu na Ggolo. Kutoka mdomo ule mpaka Kirumba ni mbali sana, ziwa hili si karai.

Pili sangara. Sangara hana meno ya kukata. Fungua mdomo wake uguse, ni kama msasa. Anameza kitu kizima, furu, dagaa, uduvi, na watoto wake mwenyewe. Kidole atakitoa wapi bila mkono? Mngesema kamongo au kambare ningenyamaza, hao sina dhamana nao.

Lakini bei ilianguka kweli, hilo niliona. Sangara alikuwa anakosa mtu hata wa kumpa bure. Sisi wenyewe wavuvi tulikuwa tunavua mchana, jioni tunakula maharage.


Karanga Mbichi:

Mzee wa Nyavu sasa hicho kidole chenye pete bibi yangu anasema ilikuwa wakati wa MV Bukoba, si Rwanda. Pete ya ndoa ya mama mmoja wa Bukoba.


Mzee wa Nyavu:

Ndo hapo! MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, hapa hapa karibu tunafika nyumbani, waliopatikana wengi tumewazika Igoma. Miaka miwili tofauti. Hofu ya samaki ilirudi ile ile, na kidole kikahama. Mi kwa masikio yangu nimekisikia mara mbili, 94 kilikuwa cha Mtutsi, 96 kikawa cha abiria. Pete ile ile.


Dada wa Pasiansi:

Mwanangu wa darasa la sita juzi kanisimulia cha ajali ya MV Nyerere 2018 😳 pete ipo.


Ngogo wa Mwaloni:

Jamani nimerudi na mrejesho. Jumamosi niliamua kukifuata kidole mpaka mwisho wake. Nimeanza na mzee wa kahawa, nikamwambia nipe jina la huyo aliyekuwepo. Akanitajia mama mmoja aliyekuwa anauza samaki pale mwaloni enzi hizo, saivi mzee, anakaa Kitangiri kwa mkwe wake. Nikanunua sukari kilo mbili nikaenda.

Mama anakumbuka kila kitu, kasoro miguu tu. Nikamuuliza, mama ule mwaka wa Rwanda ulimwona sangara mwenye kidole? Akasema eeh, alipasuliwa pale. Wewe ulikuwa umekaa wapi? Akasema mimi sikuwepo siku hiyo, nilikuwa nauguza, alinisimulia yule kijana wa kahawa.

Yani nilicheka mpaka mkwe akatoka jikoni.

Akanyamaza kidogo, af akasema ila nikwambie nilichoona. Akasema kuna siku tatu mfululizo alikaa na tenga lake hakuuza samaki hata mmoja, siku ya tatu akawaona wamelegea akaamua awamwage. Mtaani kwao kulikuwa na dada mmoja kaja na mtoto mgongoni, amepokelewa na ndugu, alikuwa haongei, Kiswahili chenyewe hakijui. Yule dada akamfuata akamshika mkono asimwage. Akachukua lile tenga, akawatoa mmoja mmoja akawapanga chini kwenye mchanga, wote wanaangalia upande mmoja, akakaa nao pale mpaka magharibi. Watu wakasema amechanganyikiwa. Mama anasema yeye hakusema hivyo, alikaa naye.

Nikamuuliza, huyo dada aliwahi kusema nani alidungua ndege? Mama akaniangalia kama nimemtukana, akaniuliza ndege gani.

Nikamwachia sukari nikaondoka. Daladala ya kurudi mjini kondakta na abiria wa mbele walikuwa wanabishana kuhusu Wafaransa, nikashuka Kirumba.


Utingo Mstaafu:

Wote wanaangalia upande gani?


Ngogo wa Mwaloni:

Sikuuliza mzee. Jumamosi nikienda nitauliza.